Hakimiliki na usambazaji wa mafaili mkoani Tabora

Hakimiliki na usambazaji wa mafaili mkoani Tabora ni suala la jinsi nyimbo, filamu, vitabu na programu za kompyuta zinavyopita kutoka mtu hadi mtu katika magharibi ya Tanzania, na jinsi sheria inavyojaribu kuzifuata ili wenye kazi hizo walipwe. Suala hili linahusu nchi nzima, lakini Tabora ni mahali pazuri pa kulitazama. Mji huu uko mbali na pwani, umekuwa kituo cha njia kuu tangu karne ya 19, na una muziki wake ambao umesambaa kuliko malipo yake.

Ufuatiliaji wa mafaili hufanyika mahali ambapo faili hulazimika kupita na linaweza kuhesabiwa: kwenye kompyuta za kampuni za simu, kwenye majukwaa makubwa kama YouTube, au bandarini ambako vifaa huingia. Usambazaji unaofanyika nje ya mahali hapo hauonekani. Sehemu kubwa ya usambazaji katika miji ya bara ni wa namna hiyo.

Njia ya misafara na ushuru wake

Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ya Afrika Mashariki ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wazungu wa kwanza walioandika habari za mji huo, Richard Burton na John Speke, walifika mwaka 1857 na kuuita Kazeh. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani, nguo na shanga zikaletwa bara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi.

Watawala wa njiani walitoza misafara ushuru ulioitwa hongo. Hongo ilikuwa nzito hasa Ugogo, kwa sababu maji yalikuwa machache na msafara haukuweza kuyakwepa. Mtawala hakuhitaji kumfuata kila mpagazi porini. Ilitosha kukaa penye kisima.

Ushuru ulizusha pia vita. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alipotaka kutoza bidhaa za wafanyabiashara Waarabu, aliondolewa madarakani mnamo 1860 na nafasi yake ikachukuliwa na Mkasiwa. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alifunga njia ya kwenda Ujiji. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Leo nyaya za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hufika Tabora pia, zikiunganishwa na nyaya za baharini zilizoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2009.

Swali la anayekaa kisimani limerudi kwa sura nyingine. Faili linalotoka nje ya nchi hupita kwenye milango michache kabla ya kufika kwenye simu ya mtu wa Tabora, Nzega, Sikonge au Urambo. Likishafika, linaweza kuendelea na safari bila kupita mlango wowote.

Jinsi mafaili yanavyofuatiliwa mtandaoni

Kuna njia tatu zinazotumika zaidi duniani.

Njia ya kwanza ni kufuatilia anwani ya IP. Hii hutumika hasa kwa torenti, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Katika torenti faili halitoki kwenye seva moja. Hukatwa vipande vidogo, na kila anayepakua huwapa wengine vipande alivyokwisha kupata. Ili vipande vibadilishane, kompyuta zote zinazoshiriki lazima zione anwani za wenzake. Kampuni zinazofanya kazi kwa niaba ya wenye hakimiliki hujiunga na kundi hilo kama mshiriki wa kawaida, huandika anwani zilizomo pamoja na tarehe na saa, kisha huiomba kampuni ya intaneti au mahakama itaje mteja aliyekuwa na anwani hiyo wakati huo.

Nchini Ujerumani mawakili hutumia orodha hizo kuwatumia watu barua za madai, na wageni wanaotumia intaneti ya nyumba ya kupanga hushangazwa mara nyingi na barua ya namna hii. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2009 iliyounda mamlaka iitwayo Hadopi, ambayo kazi yake ilikuwa kutuma maonyo kabla ya adhabu. Mwaka 2022 kazi hiyo ilihamishiwa kwenye mamlaka mpya, Arcom.

Njia ya pili ni kutambua maudhui yenyewe. YouTube ilianzisha mfumo wa Content ID mwaka 2007. Mwenye kazi huweka nakala ya wimbo au filamu kwenye hifadhi ya kampuni, na kompyuta hutengeneza alama yake, kama alama ya kidole. Kila video inayopakiwa hulinganishwa na alama hizo. Ikifanana, mwenye kazi anaweza kuizuia, kuiacha huku akihesabu watazamaji, au kuchukua mapato ya matangazo yake.

Njia ya tatu ni taarifa ya kuondoa na amri ya kuzuia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ijulikanayo kama DMCA iliweka utaratibu ambao mwenye kazi humwandikia mwenye tovuti, naye huondoa faili ili asishtakiwe. Utaratibu huo umeigwa na nchi nyingi. Kenya iliuingiza katika marekebisho ya sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Muda mfupi baadaye kampuni ya televisheni ya MultiChoice Kenya ilizidai mahakamani kampuni za Safaricom na Jamii Telecommunications zizuie tovuti zilizokuwa zikirusha mechi za mpira bila idhini, na mwaka 2022 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamuru tovuti kadhaa zizuiwe.

Sheria nchini Tanzania

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa mwaka 1994. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999 kwa ajili ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Kwa upande wa Bara chombo husika ni COSOTA, kilichoanza kama chama cha hakimiliki na kugeuzwa kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania kwa marekebisho ya mwaka 2022, huku kikibaki na kifupisho kilekile. Marekebisho hayo yaliruhusu pia kuwepo kwa makampuni au vyama vya kukusanya na kugawa mirabaha kwa niaba ya wasanii.

Hakimiliki ya kawaida hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi aliyefariki mwaka 1980, kwa mfano, kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2030. Sheria inaruhusu mtu kunakili kazi kwa matumizi yake binafsi, lakini hairuhusu kuisambaza.

Usajili wa kazi si sharti la kupata hakimiliki. Haki huanza pale kazi inapotungwa na kurekodiwa au kuandikwa. Hata hivyo msanii asiye na cheti cha COSOTA hupata shida kuthibitisha madai yake, na jina lake haliwezi kuingia kwa urahisi katika mgawo wa mirabaha.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliongeza uzito. Kifungu cha 24 kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu. Kama ilivyotungwa, adhabu kwa asiyefanya biashara ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa anayefanya biashara faini haipungui milioni 20 na kifungo hakipungui miaka 5. Kwa maneno ya kifungu hicho, mtu anayetuma filamu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo anaweza kuangukia kosa lenye adhabu ya miaka, hata kama hakupokea senti.

Sheria hiyohiyo inasema mtoa huduma ya mtandao halazimiki kuchunguza data anazopitisha au kuhifadhi, wala kutafuta mwenyewe dalili za uhalifu. Wajibu wake unaanza anapopewa taarifa ya kuondoa. Maana yake ni kwamba ni mwenye kazi ndiye anayepaswa kutafuta, kuthibitisha na kuandika. Mwenye ofisi ya mawakili anaweza. Mpiga ngoma wa Uyui hawezi.

Kesi iliyoonyesha mahali penye hesabu

Kesi inayojulikana zaidi nchini ni ya wasanii Ambwene Yessayah (AY) na Hamis Mwinjuma (MwanaFA) dhidi ya kampuni ya MIC Tanzania, iliyotumia jina la biashara la Tigo. Wasanii hao walidai kwamba nyimbo zao mbili, Dakika Moja na Usije Mjini, zilitumika kama miito ya simu bila idhini yao. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua kwamba walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ilikata rufaa na shauri likaendelea katika mahakama za juu. MwanaFA baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Muheza mwaka 2020 na akateuliwa naibu waziri anayehusika na sanaa mwaka 2023.

Huduma ya miito ya simu huuzwa kwa kompyuta za kampuni, na kila mauzo huacha kumbukumbu yenye namba ya mteja, tarehe na bei. Hasara ya msanii inaweza kuhesabiwa. Nyimbo hizohizo zilinakiliwa pia kwenye simu nyingi nchini kwa njia nyingine, na huko hakuna aliyeweza kupeleka hesabu mahakamani.

Hatua ya mwisho isiyoonekana

Katika mji wa Tabora, kama katika miji mingi ya Tanzania, mtu asiyetaka kumaliza bando lake huenda kwenye kibanda chenye kompyuta na kuwekewa nyimbo au filamu kwenye memori kadi au flashi. Wengine hurushiana kwa Bluetooth au kwa programu za simu zinazounganisha simu mbili moja kwa moja bila intaneti. Filamu za nje zilizoingizwa sauti ya mtafsiri kwa Kiswahili, ambazo utaratibu wake ulitokea Uganda, hufika kwa njia hiyo pia, na huonyeshwa katika vibanda umiza pamoja na mechi za mpira.

Njia zote tatu za ufuatiliaji hukwama hapa.

Anwani ya IP haisaidii kwa sababu kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa wakati mmoja. Anayetazama kutoka nje ya nchi huona lango la kampuni, mara nyingi likionekana liko Dar es Salaam, hata kama mteja yuko Igunga. Kampuni yenyewe inaweza kumtambua mteja, kwa kuwa laini zote husajiliwa kwa jina, na tangu usajili wa alama za vidole uliotekelezwa mwaka 2019 na 2020 kila laini imefungwa kwenye kitambulisho cha mtu. Lakini ili imtambue inahitaji saa kamili na namba ya mlango wa mawasiliano, siyo anwani peke yake. Aidha laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu huweza kutumiwa na nyumba nzima.

Alama ya sauti haisaidii kwa sababu memori kadi haipiti YouTube. WhatsApp nayo tangu 2016 husimba ujumbe kwa namna ambayo hata kampuni haiwezi kuusoma.

Taarifa ya kuondoa haisaidii kwa sababu hakuna wa kuandikiwa. Faili lililoondolewa kwenye tovuti leo limebaki kwenye simu elfu moja.

Serikali ilijaribu zamani kuweka alama kwenye nakala zenyewe. Kanuni za mwaka 2006 zilitaka kanda na CD ziwe na stika ya COSOTA iliyoitwa Hakigram, na mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kutumia stempu za kodi kwenye bidhaa za muziki na filamu. Mkaguzi aliweza kuingia dukani, kuangalia ganda na kujua kama nakala ni halali. Mpango huo ulitegemea ganda. CD zilipokwisha sokoni, hapakuwa tena na mahali pa kubandika stika.

Muziki wa Tabora na swali la mwenye mali

Tabora ilikuwa na bendi mashuhuri za dansi. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilisikika tangu miaka ya 1950. Tabora Jazz, ambayo Shem Karenga alikuwa mmoja wa viongozi wake, ilijulikana kwa mtindo wa Segere Matata. Bendi za wakati huo zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na kumbukumbu hizo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC).

Sehemu ya muziki wa dansi wa zamani inapatikana leo mtandaoni kupitia wapenzi na wakusanyaji walioupakia kwenye akaunti zao. Bila wao vijana wengi wasingeusikia kabisa. Lakini Content ID humtambua mwenye mali kama yule aliyeweka nakala kwenye hifadhi kwanza na kudai. YouTube hutoa mfumo huo kwa wenye kazi nyingi, hasa makampuni na wasambazaji. Mtu mmoja mwenye nyimbo chache hupewa fomu ya kulalamika. Mjane au mtoto wa mwanamuziki wa Tabora anayetaka kudai lazima kwanza athibitishe nani alitunga, nani aliimba, studio ilipewa haki zipi, na mirathi ilikwendaje. Kompyuta haijui lolote kati ya hayo. Inajua tu kwamba sauti mbili zinafanana.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa ngoma na nyimbo za asili za Wanyamwezi na Wasukuma. Nyingi zilipokewa kwa kusikiliza na hazina mtunzi mmoja, na kila kundi huziimba kwa namna yake. Sheria ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi na kutaka kibali pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Hata hivyo mwimbaji wa asili anayetunga maneno yake mwenyewe juu ya mdundo wa zamani ni mtunzi kamili mbele ya sheria, na ana haki sawa na nyota wa Bongo Fleva. Anachokosa ni kumbukumbu: jina lililosajiliwa, nakala rasmi, na msambazaji anayepeleka wimbo wake kwenye mifumo inayohesabu.

Kutoka kukamata hadi kutoza

Kwa miaka ya karibuni mkazo umehama. Njia mojawapo ni huduma halali za bei nafuu au za bure. Mdundo, kampuni iliyoanzishwa Nairobi, humruhusu mtu kupakua wimbo bila malipo huku matangazo yakilipia, na huhesabu kila upakuaji. Msikilizaji hupata alichokuwa akikifuata kibandani, na msanii huonekana kwenye hesabu.

Njia nyingine ni tozo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliingiza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kurekodi, kunakili au kuhifadhi kazi za sanaa, ikikusanywa na TRA. Tozo za namna hii zimekuwepo Ulaya tangu miaka ya 1960, zilipoanzia Ujerumani kwa vinasa sauti. Serikali hukubali kwamba haiwezi kuiona kila nakala inayotengenezwa, hivyo hutoza kifaa kinapoingia na kuwagawia wasanii kwa pamoja.

Kwa mtu wa Tabora hii ina maana kwamba mnunuzi wa kifaa kilichomo kwenye orodha hulipa kidogo kwa wasanii, awe ananakili au hanakili. Mwalimu anayehifadhi mitihani yake kwenye kifaa kama hicho hulipa sawa na mwenye kibanda. Kwa upande wa pili, hakuna anayepekuliwa simu.

Tathmini

Tozo inapunguza ugumu wa kukusanya, lakini inahamishia ugumu kwenye kugawa. Fedha zikishakusanywa, lazima ijulikane nyimbo za nani zilinakiliwa. Mirabaha ya utangazaji hugawiwa kwa kuangalia nyimbo zilizopigwa katika vituo vya redio na televisheni, na kunakili kwa memori kadi hakuna orodha kama hiyo. Mgawo ukitegemea orodha za vituo vikubwa vya Dar es Salaam na hesabu za majukwaa, fedha zitawafuata wale ambao tayari wanaonekana. Mwimbaji wa Sikonge ambaye nyimbo zake zimejaa kwenye simu za wakulima wa tumbaku atakuwa amechangia soko la vifaa bila kupata mgawo.

Hatua zinazoweza kubadili hali hiyo si za kipelelezi. Orodha za redio za mikoani zinaweza kuingizwa katika hesabu ya mgawo, na wenye vibanda wanaweza kupewa leseni nafuu inayowataka waandike nyimbo zinazoombwa. Maafisa utamaduni wa halmashauri wanaweza kusaidia wasanii kusajili kazi karibu na kwao, na kumbukumbu za bendi za zamani zinaweza kuwekewa majina ya watunzi na warithi wao kabla ya mtu mwingine kudai.

Bila hayo sheria itaendelea kuwa na nguvu mahali pawili tu: juu kabisa, kwenye makampuni yenye kumbukumbu za mauzo, na chini kabisa, kwenye kibanda kimoja kitakachokamatwa siku ya msako na kupewa adhabu ya mfano. Wasambazaji wengi na watunzi wengi wako katikati, kwenye njia isiyo na mlango, ambako hakuna anayekamatwa na hakuna anayelipwa.